Kupinga Uamuzi wa Halmashauri Kuhusu Matumizi ya Ardhi: Mwongozo kwa Wakazi wa Arusha na Moshi

Tangazo lilikuwa karatasi moja ya A4 iliyobandikwa kwenye mgrevilea kando ya barabara ya mtaa wetu, hapa Arusha. Masika yalikuwa yameshalilowanisha upande mmoja. Lilisema mwenye kiwanja anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kuwa kituo cha mafuta, na mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi. Tulilisoma, tukalipiga picha, tukalirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na kwa siku tatu hakukuwa na mazungumzo mengine. Kikao kikaitishwa. Watu walisema kwa uchungu, mwenyekiti akaahidi kufikisha. Hakuna aliyeandika barua.

Miezi ikapita. Mabati yalipozungushwa na kijiko kikaanza kuchimba shimo la matangi, tulikwenda halmashauri kwa hasira, wazee na kina mama, watu kumi na wanne. Afisa mmoja alifungua jalada akatuonyesha mstari mmoja tu: hakuna pingamizi lililopokelewa.

Sheli ile ipo mpaka leo. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye tangazo limebandikwa jirani yake wiki hii, na kwa mwenye kiwanja aliyekataliwa kibali na haoni kwa nini. Mimi si wakili. Nimejifunza njia hii kwa kuipita mara mbili, ya kwanza vibaya, ya pili vizuri zaidi.

Kwanza: jua uamuzi ni wa nani

Usidharau hatua hii. Ukisimama Sakina au Njiro, unaona mji mmoja tu, lakini kwenye makaratasi kuna halmashauri tatu zinazogusana. Njiro, Moshono, Muriet na Olasiti ziko Jiji la Arusha. Ngaramtoni, Kisongo na Kiranyi ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Tengeru na Usa River ni Meru. Moshi nako ni hivyohivyo: Pasua, Njoro na Kiboriloni ni Manispaa, Kibosho, Uru na Himo ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Barua iliyopelekwa kwa mkurugenzi asiyehusika itapokelewa, itagongwa muhuri, na itakaa.

Kama uko kijijini, mambo hubadilika. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupitishwa na mkutano mkuu. Ukiambiwa kwamba kipande cha malisho au cha chanzo cha maji kimegeuzwa kuwa viwanja, swali lako la kwanza liwe: mkutano mkuu ulikaa lini, na muhtasari wenye mahudhurio uko wapi? Mara nyingi swali hilo peke yake hufungua mambo.

Kisha tambua ni uamuzi wa aina gani. Watu huchanganya vitu vitatu. Kuna kubadili matumizi ya ardhi, mfano kutoka makazi kwenda biashara, ambako kundi la matumizi lililoandikwa kwenye hati hubadilika. Kuna kibali cha ujenzi, kinachohusu jengo lenyewe. Na kuna mchoro wa mipangomiji, unaopanga eneo zima: barabara hapa, shule pale, eneo la wazi kule. Mchoro hupita kwenye vikao vya halmashauri, lakini idhini yake hutoka upande wa wizara yenye dhamana ya ardhi, kwa hiyo kumlaumu diwani peke yake hakutoshi. Ukipinga kibali cha ujenzi wakati matumizi yalishabadilishwa mwaka jana, umechelewa mlango mmoja. Utajibiwa kwamba jengo linafuata matumizi yaliyoidhinishwa, na watakuwa sahihi.

Kabla ya uamuzi: barua ya pingamizi

Kama uamuzi haujatoka, una bahati ambayo sisi tuliitupa. Soma siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye tangazo. Lipige picha likionekana lilipo, nyumba au mti wa karibu ukionekana pia, na picha nyingine ya karibu maandishi yasomeke. Andika barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa Afisa Mipangomiji, mtendaji wa kata na diwani.

Peleka nakala mbili masijala. Moja inabaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Karatasi hiyo ya pili ndiyo mali yako. Kupiga simu, kumweleza mtu koridoni, kusimama kikaoni na kupigiwa makofi, hata kutuma ujumbe ukaona alama mbili za bluu, hakuna kati ya hayo kinachoingia kwenye jalada. Kamati ya Mipangomiji na Mazingira inapokaa huwa na majalada mezani, na uchungu wako usipokuwemo ndani ya jalada, kwao haupo.

Kila kaya iandike barua yake kama inaweza. Orodha ya sahihi hamsini chini ya barua moja huonekana kubwa, lakini huhesabiwa kama pingamizi moja, na wakija kugundua sahihi mbili ni za wapangaji waliokwisha kuhama, barua yote inatiliwa shaka. Tuliporudia zoezi hili mara ya pili, kwa kiwanja kingine kilichoombewa godauni, tulipeleka barua tisa. Kila moja ilikuwa na jambo lake: mama wa nyumba ya pembeni aliandika kuhusu mfereji wa maji ya mvua, mwalimu aliandika kuhusu watoto wanaovuka pale asubuhi, mimi niliandika kuhusu upana wa barabara, niliokuwa nimeupima kwa futi kamba.

Baada ya uamuzi: pata karatasi

Huwezi kukatia rufaa uvumi. Omba kwa maandishi barua ya uamuzi, muhtasari wa kikao kilichoamua, na nakala ya mchoro uliotumika. Taja namba ya kiwanja na kitalu. Kama hujui namba, mtendaji wa mtaa au jirani mwenye hati anaweza kukusaidia kuipata kwa kuhesabu viwanja.

Ukizungushwa, "njoo Jumatatu", "mhusika yuko safari", tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mtanzania anaweza kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Itaje sheria hiyo kwenye barua yako, kwa adabu. Nimeona barua iliyolala mwezi mzima ikiamka baada ya sentensi moja ya namna hiyo. Hata ukinyimwa, unabaki na ushahidi kwamba uliomba na tarehe uliyoomba, na siku ya kueleza kwa nini ulichelewa utauhitaji.

Wakati unasubiri, nenda kaangalie mpango mkubwa. Jiji la Arusha lina mpango kabambe unaotazama hadi mwaka 2035. Omba kuonyeshwa mtaa wako umepangiwa nini humo. Kama eneo lenu limechorwa kuwa makazi na kamati imeruhusu godauni, umepata hoja yenye uzito. Kama limechorwa kuwa ukanda wa biashara, ni afadhali ulijue hilo mapema, ili nguvu zako uzielekeze kwenye masharti (saa za kazi, ukuta, njia ya malori, maji ya mvua) badala ya kupinga matumizi yenyewe.

Hoja zinazosimama na zinazoanguka

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi. Watu wenye haki hushindwa kwa sababu wameandika kurasa tatu za malalamiko na hoja moja nzuri imefichwa ukurasa wa pili.

Hoja ya *utaratibu* ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu haihitaji afisa akubaliane nawe kuhusu mji mzuri ni upi. Je, tangazo lilibandikwa kweli? Muda wa pingamizi uliheshimiwa, au kamati ilikaa kabla haujaisha? Pingamizi lako lilijadiliwa, au muhtasari hauna hata neno juu yake? Akidi ilitimia? Mjumbe mwenye maslahi kwenye kiwanja alikaa kikaoni? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na pia haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kamati ya halmashauri ni chombo kama hicho.

Hoja ya *sheria* ni pale uamuzi unapogongana na maandishi. Mfano mzuri kwetu ni mito. Arusha inakatwa na Themi, Naura na Burka. Moshi ina Karanga na Rau. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukua futi kamba, pima mbele ya mashahidi, piga picha, andika tarehe.

Hoja ya *ukweli* ni pale maombi yanaposema kisichokuwepo. Fomu inasema barabara ina upana wa mita 12, wewe umepima 7. Inasema majirani wameridhia, na jina la marehemu baba yako limo kwenye orodha. Hili la majirani walioridhia bila kujua lipo, liangalie.

Sasa zinazoanguka. "Hatutaki." "Mwombaji ni mtu wa kuja." "Tayari sheli ziko nyingi", hii ni hoja ya mshindani wa biashara. "Nyumba zetu zitashuka bei" ni kweli pengine, lakini bila mthamini aliyesajiliwa ni maneno tu. Na tafadhali, usiandike kwamba fulani amekula rushwa kama huna ushahidi. Kama unao, upeleke TAKUKURU kwa barua nyingine. Ukiuingiza kwenye rufaa, kila mtu atajibu tuhuma, na hoja yako ya mita 60 itasahaulika.

Barua yenyewe iwe fupi, kurasa mbili zisizidi:

*Anuani na simu yako. Tarehe.*
*Mkurugenzi, Halmashauri ya ……, S.L.P. ……*
*YAH: KUPINGA UAMUZI WA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA NA. …… KITALU ……, MTAA WA ……*
*Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.*
*Mimi ni mmiliki na mkazi wa kiwanja Na. ……, kinachopakana na kiwanja tajwa. Tarehe …… nilipata barua Kumb. Na. …… inayoonyesha kuwa kikao cha tarehe …… kiliidhinisha ……*
*Sikuridhika na uamuzi huo kwa sababu zifuatazo: (1) …… (2) …… (3) ……*
*Naomba: (a) uamuzi utenguliwe na maombi yasikilizwe upya nikiwa nimepewa nafasi ya kusikilizwa, (b) ujenzi usimamishwe hadi rufaa hii iamuliwe, (c) nijulishwe kwa maandishi rufaa zaidi huenda kwa nani na ndani ya siku ngapi.*
*Viambatisho: ……*

Usiiache ile (c). Kama barua ya uamuzi haikutaja ngazi ya rufaa, swali hilo lililogongwa muhuri linawalazimu wakuonyeshe njia, na litakulinda ukija kuambiwa mahakamani kwamba uliruka ngazi. Kabla ya kupokea mgogoro, mahakama hupenda kujua kama ulimaliza milango iliyokuwa wazi. Rufaa ikipanda hadi ngazi ya wizara, pitisha nakala kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa wako, Arusha au Kilimanjaro.

Wakati huohuo mwombe diwani alifikishe jambo hili kwenye Baraza la Madiwani. Vikao vya kawaida vya baraza hukaa kila robo mwaka na ni vya wazi. Nendeni mkakae kimya, mmevaa vizuri, na nakala zenu mkononi.

Ujenzi ukiendelea

Zege halisubiri rufaa. Jengo likifika kwenye linta, kila ofisa huona huruma kulibomoa. Kwa hiyo siku hiyohiyo unapopeleka rufaa, muulize mkaguzi wa majengo wa halmashauri kama kibali cha ujenzi kimetolewa. Mara kwa mara matumizi yamebadilishwa lakini kibali bado, na mafundi wameshaanza. Hapo halmashauri ina mamlaka ya kuandika SIMAMISHA UJENZI ukutani bila kungoja mtu yeyote.

Kwa miradi mizito kuna milango mingine. Kituo cha mafuta kinahitaji cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, kinachoombwa kupitia NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira), na idhini ya ujenzi kutoka EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Ofisi hizo mbili hazifungwi na furaha ya kamati ya halmashauri. Sisi hatukulijua hili mara ya kwanza, na linaniuma zaidi kuliko lile la barua.

Mahakamani

Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kukimbilia Baraza la Kata au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabaraza hayo yana kazi yake: tangu mabadiliko ya mwaka 2021, la kata hupatanisha tu, na la wilaya husikiliza migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300. Lakini ukiishtaki halmashauri, tangu marekebisho ya mwaka 2020, kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Kesi isiyomuunganisha huanguka hata kama una haki. Mtu anakaa mwaka mzima barazani, halafu anaambiwa arudi mwanzo.

Mahakama Kuu iko Arusha na iko Moshi, kwa hiyo huna haja ya kusafiri mbali. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni mapitio ya kimahakama, ambayo kwa uamuzi wa matumizi ya ardhi ndiyo inayofaa mara nyingi. Hapa jaji haulizi kama sheli ni nzuri. Anauliza kama waliotoa uamuzi walikuwa na mamlaka, walifuata utaratibu, na walitumia akili ya kawaida. Akikuta kasoro anautengua uamuzi, na jambo linarudi kwa halmashauri kuamuliwa upya. Unaanza kwa kuomba kibali cha mahakama, kwa maelezo na hati ya kiapo, ndani ya miezi 6 tangu siku ya uamuzi. Ukipewa kibali, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Tazama neno "tangu siku ya uamuzi". Hesabu haianzi siku uliyoona mabati. Tulipopata makaratasi ya sheli, miezi saba ilikuwa imekwisha. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana, ila lazima ueleze kila siku uliyochelewa, na sisi tulikuwa na picha ya tangazo tuliyoipiga wenyewe. Nani angetuamini kwamba hatukujua?

Ya pili ni kesi ya madai, pale unapodai fidia au umiliki. Hii hutanguliwa na notisi ya siku 90 kwa halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 ni nyingi kwa mtu anayetazama kijiko kikichimba, ndiyo maana mawakili wana maombi wanayoyaita zuio la Mareva: unaiomba Mahakama Kuu izuie ujenzi wakati notisi inaendelea kuhesabiwa. Na ukiwa unangoja notisi iishe, usiache miezi 6 ya mapitio ikatike pembeni.

"Wakazi wa Mtaa wa fulani" si mtu kisheria. Mkitaka wachache wasimame kwa niaba ya wengi, ombeni kwanza ruhusa ya mahakama ya kesi ya uwakilishi, mkiambatisha orodha ya majina na muhtasari wa kikao kilichowachagua. Vinginevyo watu wawili watatu wanaopakana na kiwanja wafungue kwa majina yao, wengine wachangie gharama. Sisi tungechagua hili la pili. Ni jepesi, na anayepakana huonyesha madhara yake bila maelezo marefu.

Kwa asiye na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria. Ulizia orodha yao kwenye halmashauri yako. Hata saa moja ya kusomewa barua yako na mtu anayejua inatosha kukuokoa na mlango usio sahihi. Na kama Kiingereza kinakutisha, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria.

Kama wewe ndiye uliyekataliwa

Njia ni hiyohiyo, ila anza na jambo dogo: omba sababu za kukataliwa kwa maandishi, moja moja. Mara nyingi kilichokwamisha ni ramani isiyo na sehemu ya kuegesha magari, kodi ya pango la ardhi ambayo haijalipwa, au mchoro usiolingana na hati. Hayo yanarekebishika kwa maombi mapya haraka kuliko rufaa. Kata rufaa pale sababu yenyewe ni batili, au ukikataliwa kile ambacho jirani mwenye kiwanja cha aina hiyohiyo alikubaliwa. Leta namba ya kiwanja chake.

Ukishinda

Lile ombi la godauni lilirudishwa kwa mwombaji, kwa sababu tangazo halikuwa limebandikwa kwenye kiwanja na barua tisa zilikuwa jaladani. Mtaa ulisherehekea. Baada ya miezi mitano alileta maombi mapya, ya fremu sita za maduka, yenye mfereji wa maji na nafasi ya kuegesha. Tuliyasoma kwa sababu tulikuwa tumeweka zamu: kila Jumatatu mtu mmoja hupita ubao wa matangazo wa kata na wa halmashauri. Safari hii tulipeleka barua mbili tu, za kuomba njia ya watembea kwa miguu iachwe mita 2. Iliachwa.